Daktari wa Meno Aliyechekwa

Wiki mbili zilizopita baba alinipigia simu kutoka Lutindi. Baada ya salamu na habari za mvua akafika kwenye jambo lenyewe: jino la mbwa wetu Popi limeoza tena, shavu limevimba, hali chakula. Akauliza likizo inaanza lini ili nije kushika kichwa, kama mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha sita. Tulimfunga Popi kamba, mimi nikashika kichwa, baba na jirani wakaingiza koleo. Hakukuwa na ganzi wala dawa yoyote. Jino lilikatika, mzizi ukabaki ndani. Alama za meno yake ziko mkononi mwangu hadi leo, na yeye mpaka naondoka nyumbani, nikiinua tu mkono anakimbilia nyuma ya jiko.

Simu ile ilinirudisha kwa mtu niliyewahi kumsoma maktaba, nikamtafuta tena. Anaitwa Horace Wells.

Wells alizaliwa mwaka 1815 katika jimbo la Vermont, Marekani, na mwaka 1836 alifungua chumba chake cha kutibu meno mjini Hartford, Connecticut. Wakati huo kung'oa jino ilikuwa kazi ya nguvu: mgonjwa anashikwa, analia, kazi inaisha. Wells alikuwa hodari na aliandika kitabu kidogo kuhusu meno, ila kilio cha wagonjwa kilimsumbua.

Tarehe 10 Desemba 1844 yeye na mkewe walikwenda kwenye onyesho la bwana mmoja, Gardner Colton, aliyekuwa akiwavutisha watu gesi ya kuchekesha, yaani nitrasi oksaidi, ili ukumbi ufurahi. Kijana mmoja, Samuel Cooley, alivuta, akarukaruka, akajigonga mguu mpaka damu ikatoka. Alipokaa hakujua kama ameumia. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka. Wells alikuwa anautazama mguu.

Kesho yake alimwita Colton na gesi yake. Jino la kwanza kung'olewa lilikuwa la Wells mwenyewe: alivuta gesi, daktari mwenzake John Riggs akaling'oa, na hakusikia maumivu. Katika wiki zilizofuata alijaribu kwa wagonjwa kadhaa, wengi wakafanikiwa. Hakutaka kuifanya mali yake binafsi. Aliona inafaa iwe ya watu wote.

Januari 1845 alikwenda Boston kuwaonyesha madaktari na wanafunzi wa udaktari. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mfuko wa gesi uliondolewa mapema mno kabla dawa haijakolea. Jino lilipovutwa mgonjwa akapiga kelele, na ukumbi ukaangua kicheko, ukamwita tapeli. Mgonjwa mwenyewe baadaye alieleza kuwa hakuumia sana, lakini nani angemsikiliza? Sisi wa ualimu tunajua: somo la vitendo likikwama mbele ya darasa, huna nafasi ya kueleza.

Mwenzake wa zamani, William Morton, ambaye Wells alimfundisha kazi ya meno, aliendelea na dawa nyingine, etha. Kabla ya kuipeleka kwa watu aliijaribu kwa wanyama, akiwemo mbwa wake. Tarehe 16 Oktoba 1846, Boston hiyohiyo, alimlaza mgonjwa kwa etha na daktari John Warren akamfanyia upasuaji wa uvimbe shingoni kwa utulivu. Sifa zote zikaenda kwa Morton, ambaye aliomba hataza.

Wells alivunjika moyo. Mwanzoni mwa 1848 alikuwa New York akijaribu dawa mpya, klorofomu, juu ya mwili wake mwenyewe, siku baada ya siku, peke yake, bila mtu wa kumpima wala kumzuia. Dawa ikamwingia akilini. Alitoka barabarani akawamwagia wanawake wawili tindikali, akakamatwa. Akili ilipomrudia gerezani na kuona alichofanya, alijiua, tarehe 24 Januari 1848. Alikuwa na miaka 33. Baada ya kifo chake ikafika habari kwamba madaktari wa Paris wamemtambua kuwa wa kwanza.

Hapo huwa nakwama. Mimi nikisema natoka Lutindi, kuna wenzangu wanacheka, kwa sababu kijiji chetu kinajulikana kwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Nimekua nikiwaona wagonjwa wale wakifanya kazi, wakipona, wakirudi kwao. Wells usiku ule alihitaji mahali kama pale na mtu wa kukaa naye. Alipata chumba cha gereza.

Nikampigia rafiki yangu anayesoma udaktari wa mifugo SUA, Morogoro. Alinieleza kwamba mbwa hawezi kuambiwa afumbue mdomo atulie, kwa hiyo jino lake linashughulikiwa akiwa amepewa nusukaputi. Anapimwa uzito kwanza, maana dozi inategemea kilo. Moyo unasikilizwa. Halali akiwa ameshiba, asije akatapika. Mpira unapitishwa kwenye koo ili apumue vizuri, na damu au maji yasiingie mapafuni. Na yuko mtu ambaye kazi yake ni kumwangalia tu: pumzi, mapigo, joto la mwili, mpaka aamke. Hatari haiishi kabisa, hasa kwa mbwa mzee, lakini inapunguzwa.

Ukiyatazama hayo utaona ndiyo yaliyomkosa Wells mara zote mbili. Boston alikosa dozi na subira. New York alikosa mtu wa kumwangalia.

Nimempigia baba. Nimemwomba asimpe Popi vidonge vyetu vya maumivu, kwani vingine vinaweza kumuua mbwa, ampe uji laini kwanza, na amwone daktari wa mifugo atuambie ni wapi tunaweza kupata huduma hiyo. Alinyamaza kidogo, akauliza nani atalipa, mbwa tu huyo. Swali ni la haki. Ada yangu na chai ya mwaka huu anavijua yeye. Nimemwambia nitatoa sehemu ya bumu, yeye aongeze atakachoweza. Hajakubali bado. Ila mimi nimeshamwambia kuwa kichwa cha Popi sishiki tena.