Mhispania aliyekisia kinachozivuta neva

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba sayansi haisemeki ila kwa lugha ya wakubwa. Maisha ya Santiago Ramón y Cajal yanawapinga, ingawa si kwa wepesi tunaoudhania sisi watetezi wa Kiswahili.

Alizaliwa mwaka wa 1852 huko Petilla de Aragón, Uhispania. Alikuwa mtoto mtundu, mpenda kuchora kuliko kusoma, hata babake, aliyekuwa tabibu, akampeleka kujifunza kazi kwa kinyozi na kwa mshona viatu. Baadaye alisomea udaktari, akatumwa Cuba na jeshi mwaka wa 1874, akarudi amedhoofishwa na malaria.

Mwaka wa 1887 alionyeshwa mbinu ya Mwitalia Camillo Golgi ya kuzitia seli za neva weusi kwa chumvi ya fedha. Golgi mwenyewe aliamini kuwa neva zote zimeungana kama wavu mmoja. Cajal alipochunguza ubongo wa ndege, aliona kila seli imejitenga. Hukaribiana na jirani zake bila kuungana nazo. Akayaandika hayo kwa Kihispania katika jarida aliloligharimia mwenyewe mwaka wa 1888, nakala 60 tu. Mabingwa wa Ulaya, waliozoea Kijerumani na Kifaransa, hawakulijali. Basi mwaka wa 1889 akafunga safari hadi Berlin na vioo vyake vya hadubini, akawaeleza kwa Kifaransa cha kuchechemea. Kilichowashawishi si Kifaransa hicho, bali walichojionea kwa macho. Mzee Albert von Kölliker alisadiki, na yasemekana alijifunza Kihispania ili amsome.

Lakini ikiwa kila seli iko peke yake, uzi wa neva unaokua hujuaje pa kwenda? Mwaka wa 1890 Cajal alieleza ncha iliyotanuka ya uzi huo, akaiita koni ya ukuaji. Mwaka wa 1892 akakisia kwamba seli zinazolengwa hutoa kemikali ya kuivuta. Ikumbukwe kuwa vipande alivyovitazama vilikuwa vimekufa, havisogei hata kidogo!

Tuzo ya Nobeli ya mwaka wa 1906 aliigawana na Golgi, ambaye alimpinga hata katika mhadhara wa kuipokea. Cajal alifariki Madrid mwaka wa 1934, kemikali yenyewe bado haijaonekana.

Katika miaka ya 1950, nchini Marekani, Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen waliipata mojawapo: protini ya minyororo miwili iliyofanana. Kazi yake kuu ni kuzihifadhi hai baadhi ya neva, japo ncha zinazokua huifuata pia. Kemikali nyingine za kuongoza njia ziligunduliwa baadaye. Kwenye utando wa neva mna vipokezi, navyo ni protini, na kila protini ya ukuaji ina kipokezi inachokipendelea, kama ufunguo na kufuli. Kwa kuwa ina pande mbili, protini hii hushika vipokezi viwili na kuvikutanisha. Sehemu zao za ndani hutiana fosfeti, na ujumbe husafiri hadi kwenye kiini. Neva inayoitegemea, ikikosa ujumbe huo wakati wa kukua, hufa.

Kipokezi, utando na kiini ni maneno yetu. Seli, neva, protini na fosfeti tumeyakopa, na hayo mawili ya mwisho hata Wahispania waliyakopa.