Leo Baekeland na Plastiki Isiyoyeyuka

Bila shaka nyumbani kwenu kuna ndoo ya plastiki. Ukiiacha ndoo hiyo karibu na jiko lenye moto, italainika, itapinda, na mwisho itayeyuka. Sasa tazama mpini mweusi wa kikaango. Huo nao ni plastiki, na kila siku hukaa karibu na moto, lakini haulainiki wala hauyeyuki. Kwa nini vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja vina tabia tofauti namna hii? Ili upate jibu, soma habari za Leo Baekeland, mtu aliyetengeneza plastiki ya mpini huo kwa mara ya kwanza.

Utoto na masomo yake

Leo Baekeland alizaliwa tarehe 14 Novemba, 1863, katika mji wa Ghent, nchini Ubelgiji. Baba yake alikuwa fundi viatu, na mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani. Jamaa hiyo haikuwa na mali. Hata hivyo mama yake alitaka sana mtoto wake asome, naye Leo akajitahidi katika masomo hata mji wa Ghent ukamlipia gharama za kusoma kemia katika chuo kikuu. Aliingia chuoni mwaka 1880, na mwaka 1884 alipata shahada ya udaktari wa kemia, akiwa bado kijana mdogo kuliko wengi wa wanafunzi wenzake. Baadaye alifundisha chuoni hapo.

Mwaka 1889 alimwoa Céline Swarts, binti wa profesa wake, na mwaka huohuo wakasafiri kwenda Marekani. Huko Baekeland alibuni karatasi ya kusafishia picha iliyoitwa Velox. Kabla ya hapo wapiga picha wengi walitegemea mwanga wa jua ili picha itokee kwenye karatasi. Kwa kutumia Velox, waliweza kufanya kazi hiyo kwa mwanga wa taa. Mwaka 1899 aliuza kiwanda chake cha karatasi kwa kampuni ya Eastman Kodak, akapata fedha nyingi.

Angeweza kustarehe maisha yake yote. Lakini Baekeland alipenda kazi ya uchunguzi kuliko starehe. Alinunua nyumba katika mji wa Yonkers, karibu na New York, na hapo akajiwekea maabara yake mwenyewe.

Haja ya kitu kipya

Katika miaka hiyo matumizi ya umeme yalikuwa yakienea upesi. Wewe umekwisha kujifunza kwamba umeme hupita kwa urahisi katika metali, na kwamba waya usiofunikwa ni hatari. Basi mafundi walihitaji kitu kisichopitisha umeme ili kufunikia nyaya na sehemu za mitambo. Mojawapo ya vitu walivyotumia ni shelaki, yaani utomvu mgumu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi juu ya miti nchini India na nchi za jirani. Shelaki ilitumika pia kupakia mbao na kutengenezea santuri. Lakini mdudu mmoja hutoa kiasi kidogo mno, na wadudu hawafanyi kazi haraka kwa sababu viwanda vina haja. Shelaki ikawa haba na bei yake ikapanda.

Baekeland aliamua kutengeneza kitu cha kuchukua mahali pa shelaki. Alichagua kemikali mbili. Ya kwanza ni fenoli, iliyopatikana katika lami ya makaa ya mawe. Ya pili ni fomaldehaidi, iliyotengenezwa kutokana na spiriti ya mti.

Hakuwa mtu wa kwanza kuchanganya kemikali hizo. Mwaka 1872 mkemia Mjerumani, Adolf von Baeyer, alikwisha kufanya hivyo. Alipata kitu kigumu kilichoganda ndani ya chombo, kisichoyeyuka katika maji wala katika spiriti. Yeye alikuwa akitafuta rangi, kwa hiyo hakuona faida ya kitu hicho. Wakemia wengine waliomfuata waliona vilevile. Kwao ulikuwa uchafu ulioharibu vyombo vya maabara.

Jaribio la mwaka 1907

Baekeland naye mwanzoni alitafuta kitu laini kinachoyeyuka, kama shelaki. Baada ya majaribio mengi aligeuza fikira zake. Aliona kwamba kitu kisichoyeyuka kwa moto, kisichoharibiwa na maji, na kisichopitisha umeme, ndicho hasa mafundi walichokuwa wakikihitaji. Kilichobaki ni kupata njia ya kukipa umbo kabla hakijawa kigumu.

Hapo palikuwa na tatizo kubwa. Fenoli na fomaldehaidi zinapoungana, hutoa maji. Mchanganyiko ukipashwa moto sana, maji hayo hugeuka mvuke na kufanya mapovu, na kitu kinachopatikana huwa na matundu matundu kama sifongo. Kwa ajili hiyo wakemia wengine walipunguza moto. Wakipunguza moto, kazi ilichukua muda mrefu mno na haikuwa na matokeo mazuri.

Baekeland alifanya kinyume chao. Aliongeza moto hata kupita kiwango cha maji kuchemka, na wakati huohuo aliufunga mchanganyiko ndani ya chombo imara cha chuma chenye mkandamizo mkubwa. Mkandamizo ulizuia mapovu yasitokee. Kazi hii ilikuwa ya hatari, maana chombo kilichofungwa na kupashwa moto chaweza kupasuka. Wewe usijaribu kamwe kupasha moto chombo kilichofungwa.

Mwezi Juni, 1907, jaribio lilifaulu. Alipata kitu kigumu, kizito, kisicho na matundu, chenye umbo lilelile la chombo kilichokishika. Alikiita Bakelite, kutokana na jina lake. Mwezi Februari, 1909, alikitangaza mbele ya wakemia wenzake mjini New York, na mwaka 1910 alianzisha kampuni ya kukitengeneza. Kabla yake palikuwa na plastiki nyingine, lakini ile ilitengenezwa kutokana na mimea. Bakelite ilikuwa plastiki ya kwanza kutengenezwa yote kwa kemikali za kiwandani.

Kwa nini haiyeyuki?

Fikiri juu ya nta ya mshumaa. Ikipata moto huyeyuka, ikipoa huganda, na unaweza kurudia mara nyingi. Kisha fikiri juu ya chungu. Udongo wa mfinyanzi ni laini, nawe unaweza kuufinyanga upendavyo. Lakini chungu kikishachomwa, hakirudi tena kuwa udongo laini, hata ukitie motoni mara mia.

Plastiki nazo ni za namna mbili. Katika plastiki ya ndoo, chembe zimeungana kama nyuzi ndefu zilizolala pamoja. Moto ukizidi, nyuzi hizo huteleza, na plastiki hulainika. Ndiyo sababu fundi anaweza kuziba ndoo iliyopasuka kwa chuma cha moto. Katika Bakelite, chembe zimeshikana pande zote kama wavu wenye mafundo, kwa hiyo haziwezi kuteleza. Sahani ya melamini ni ya namna hiihii. Ikivunjika, hakuna fundi wa kuiziba kwa chuma cha moto.

Faida na taabu zake

Katika muda mfupi Bakelite ilienea duniani. Ilitengenezewa simu, redio, swichi, plagi, sehemu za magari na mipini ya vyombo vya jikoni. Vitu ambavyo zamani vilihitaji pembe za ndovu au utomvu wa wadudu, sasa viliweza kutengenezwa kwa wingi na kwa bei ndogo. Mwaka 1939 Baekeland aliuza kampuni yake, na tarehe 23 Februari, 1944, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 80. Chombo chake cha chuma kimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa nchini Marekani.

Baada yake wakemia walitengeneza plastiki nyingine nyingi: za mabomba, za nguo, za viatu na za mifuko. Zote zina sifa ya kutooza upesi. Sifa hiyo hutufaa sana tunapovitumia vitu hivyo, lakini hutuletea taabu tunapovitupa. Ganda la ndizi likitupwa shambani, huoza na kuwa mbolea. Mfuko wa plastiki hukaa ardhini miaka mingi, huziba mifereji, na mifugo huweza kuumeza na kufa. Kwa sababu hiyo Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi Agosti, 2017, na Tanzania Bara ilifanya hivyo tarehe 1 Juni, 2019.

Baekeland alitafuta kitu kisichoharibika, akakipata. Kazi iliyobaki kwa wakemia wa leo, na pengine kwako wewe utakapokuwa mkubwa, ni kutengeneza vitu vitakavyodumu wakati vinapohitajika, na kuoza baada ya kazi yao kwisha.

Maswali

1. Shelaki hupatikana wapi, na kwa nini haikutosha?
2. Wakemia wengine walikiona kitu kigumu kuwa uchafu. Baekeland aliona nini?
3. Mkandamizo ulisaidia nini katika jaribio la mwaka 1907?
4. Eleza kwa nini ndoo huzibika kwa chuma cha moto, lakini sahani ya melamini haizibiki.
5. Kazi ya nyumbani: Andika majina ya vitu sita vya plastiki unavyoviona nyumbani kwenu. Eleza kila kimoja kinafanya kazi gani, na hutupwa wapi kikiharibika. Usichome plastiki ili kuijaribu, kwani moshi wake ni sumu.