Stanley na mabaharia walioipima Nyanza

UKITAJA Mkoa wa Simiyu, wengi hukumbuka pamba na ng'ombe. Ni wachache wanaojua kwamba mto ulioupa mkoa huo jina uliwahi kutangazwa duniani kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Aliyetangaza hivyo ni Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari ambaye mwaka 1875 aliizunguka Nyanza kwa mashua.

Stanley alizaliwa Denbigh, Wales, Januari 28, 1841, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, na mtoto huyo alikulia katika nyumba ya kutunzia maskini. Mwaka 1859 alifika New Orleans, Marekani, akiwa mtumishi wa melini, akabadili jina na baadaye akaingia katika uandishi. Novemba 1871 alimkuta Dk. David Livingstone huko Ujiji, na tangu hapo jina lake likavuma.

Wakati huo wasomi wa Ulaya walikuwa wakibishana kuhusu Nyanza. John Hanning Speke, aliyefika ufukweni mwake mwaka 1858 na kuiita Victoria, alishikilia kuwa ni ziwa moja na ndilo chimbuko la Nile. Wapinzani wake walidai ni maziwa kadhaa. Speke alifariki mwaka 1864, ubishi ungali mbichi. Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 17, 1874, akigharimiwa na magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald, ili akate shauri hilo.

Chombo chake kiliitwa Lady Alice, kwa jina la mchumba wake, Alice Pike. Ilikuwa mashua ya mwerezi yenye urefu wa futi 40, iliyoundwa Uingereza kwa vipande ili wapagazi waibebe mabegani kutoka pwani hadi ziwani. Kiongozi wa wapagazi na askari alikuwa Manwa Sera. Wasaidizi wa Kizungu walikuwa watatu: ndugu wawili, Frank na Edward Pocock, pamoja na Frederick Barker. Edward alifariki kwa homa Januari 1875, kabla ya kuiona Nyanza.

Msafara ulikatiza Usukuma na kufika Kageyi, kijiji cha ufukweni jirani na Mwanza ya leo, Februari 27, 1875. Hapo vipande vya mashua viliunganishwa. Machi 8 Stanley alitweka tanga akiwa na watu 11. Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Safeni alishika usukani, wenzake wakavuta makasia, na Saramba, mwenyeji wa huko, akaonyesha njia. Stanley mwenyewe alitazama dira na jua, akapima kina kwa bildi na kuandika majina ya visiwa na rasi.

Kwanza walielekea mashariki, wakapita mlango wa Mto Simiyu na fukwe ambazo leo ni za Wilaya ya Busega. Maji hayo Stanley aliyaita Ghuba ya Speke. Walipinda kaskazini hadi Buganda kwa Kabaka Mutesa, kisha wakarudi kwa pwani ya magharibi.

Aprili 28, katika kisiwa cha Bumbire, wenyeji waliivuta mashua nchi kavu na kuchukua makasia. Safeni ndiye aliyetumwa kuwaendea akiwa na vitambaa mkononi, huku wenzake wakiisukuma mashua majini. Aliponea chupuchupu, na mabaharia waling'oa mbao za sakafu ya mashua wakazifanya makasia. Miezi michache baadaye Stanley alirudi Bumbire na kuwamiminia wakazi risasi, wengi wakafa. Kitendo hicho kililaaniwa hata Uingereza.

Walipotia nanga Kageyi Mei 6, Barker alikuwa amekwisha kuzikwa. Hata hivyo, jibu lilikuwa limepatikana: Nyanza ni ziwa moja, na maji yake hutokea Jinja tu. Kuhusu Simiyu, Stanley alikosea. Leo chimbuko la mbali zaidi la Nile hutafutwa kupitia Mto Kagera, katika milima ya Rwanda na Burundi.

Safari iliendelea hadi Mto Kongo, ambako Frank Pocock alizama Juni 1877. Wiki chache baadaye, Safeni aliposikia kwamba bahari imekaribia, alirukwa na akili kwa furaha, akakimbilia msituni akiwa na kasuku wake begani. Alitafutwa, hakuonekana tena. Mashua iliachwa juu ya maporomoko, na waliosalia wakafika Boma Agosti 1877.

Baadaye Stanley alimtumikia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji huko Kongo, kazi iliyofungua mlango wa mateso makubwa kwa wenyeji. Alikuwa mbunge tangu 1895 hadi 1900, akapewa cheo cha Sir mwaka 1899, na akafariki London Mei 10, 1904, akiwa na umri wa miaka 63.

Kaburi lake lipo Pirbright, Uingereza. Safeni hana kaburi linalojulikana. Lakini asafiriye leo kutoka Mwanza kwenda Bariadi, afikapo Lamadi na kuyaona maji ya ghuba, akumbuke kwamba aliyeshika kalamu hakuwa ndiye aliyeshika usukani.