Mkwawa na Siri ya Wahehe

Wengi wetu twamjua Mtwa Mkwawa kwa vita vya Lugalo. Lakini maisha yake yatufundisha pia thamani ya kutunza siri.

Mkwawa alizaliwa Luhota, karibu na Iringa, yapata mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, alifariki mwaka 1879, na baada ya ugomvi wa urithi Mkwawa akatawala Uhehe. Tarehe 17 Agosti, 1891, watu wake waliwavizia Wadachi huko Lugalo, wakamwua kamanda wao, Zelewski. Wadachi walirudi kulipiza kisasi, na tarehe 30 Oktoba, 1894, wakaiteka ngome yake ya Kalenga.

Mkwawa akaingia porini. Sasa hakuwa na ngome ila vinywa vya watu wake. Karibu miaka minne alihamahama, na wanavijiji wakampa chakula na habari za askari. Wadachi waliahidi rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Ulikuwa utajiri mkubwa, lakini Wahehe walio wengi hawakumwuza. Chakula chao kiliharibiwa, wakapatwa na njaa, nao wakanyamaza. Mwaka 1897 nduguye, Mpangile, ambaye Wadachi wenyewe walikuwa wamemtawaza, alinyongwa kwa kushukiwa kumsaidia kwa siri.

Julai 1898, askari wa Sajini Merkl walimkamata kijana aliyefuatana na Mkwawa, akawaonyesha njia. Tarehe 19, huko Mlambalasi, walimkuta Mkwawa amekwisha kujipiga risasi. Si haki kumlaumu kijana yule, aliyeulizwa na watu wenye bunduki. La kustaajabiwa ni wale wengi walionyamaza kabla yake. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954, likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, nalo limehifadhiwa Kalenga.

Sisi wa Karatu na Ngorongoro tuko mbali na Uhehe, lakini Wadachi hao hao walitutawala, hata wakafanya mashamba ndani ya kreta. Basi, somo hili ni letu pia. Wahehe walificha siri ili kumlinda mtu aliyewindwa. Anayeficha wizi au ugonjwa wa mwenzake bwenini hamlindi mtu, bali amdhuru. Kabla ya kufunga kinywa au kukifungua, yafaa tujiulize ni nani atakayeumia.