Adriano Atiman: tabibu aliyekuwa mtoto wa kutekwa

Ukishuka kwenye treni Usoke, magharibi ya Tabora, upo jirani na njia ya zamani ya misafara ya Ujiji. Walipita huku wapagazi, pembe za ndovu na watumwa, wakiwemo watoto. Katika kipindi chetu tumekuwa tukizungumzia kiwewe, lile jeraha la moyoni linalobaki baada ya mtu kupatwa na mambo mazito. Je, kijana au mtu mzima mwenye jeraha hilo anaponaje? Leo tumtazame Adriano Atiman.

Atiman alizaliwa miaka ya 1860 karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa na kuvushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko mapadri wa White Fathers walimkomboa kwa fedha na kumsomesha. Baadaye Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alimpeleka Malta pamoja na vijana wengine Waafrika waliokombolewa, wakasomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako sasa ni Mkoa wa Katavi.

Misheni ya Karema ilianza mwaka 1885 ndani ya ngome iliyoachwa na Wabelgiji, na ilipokea watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani. Wagonjwa hao walikuja na vidonda vya mwili na vya moyo. Tabibu wao naye aliyajua maumivu hayo, maana alikuwa ametolewa kwao asiwaone tena wazazi wake.

Wakati ule hakuna aliyetaja tiba ya kiwewe. Lakini tukiyatazama maisha ya Atiman tunaona njia yake. Alioa hukuhuku, binti aliyeitwa Agnes, na mtoto wao Joseph akawa padri. Aliwatibu watu akiishi katikati yao. Hakuwadharau waganga wa mitishamba, bali alijifunza dawa zao akaziunganisha na elimu ya Malta. Alifanya kazi hiyo Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67 tangu afike.

Kwetu Unyamwezini pia, mtu aliyesumbuka moyoni hakuachwa peke yake. Ndugu walikusanyika, ngoma ikapigwa, mababu wakatajwa. Hata hivyo, si kila cha zamani ni dawa. Ramli inayomtaja bibi kizee kuwa mchawi haiponyi, inaongeza jeraha jingine.

Ndugu msikilizaji, kama nyumbani kuna kijana asiyelala usiku au mzee anayeshtuka kwa kila kishindo, msimcheke. Mpelekeni kituo cha afya akiwa na ndugu anayemwamini, na aeleze yaliyompata kwa lugha anayoiweza, hata kama ni Kinyamwezi. Atiman alipoteza kwao akiwa mdogo, akapata watu wengine wa kuishi nao. Mgonjwa wenu bado anao nyinyi.