Luigi Broglio, mutu mwenye alipima hewa yenye kuunguza satelite

Usiku, wakati mbingu ya Kibua iko safi, mutu anaweza kuona kitu kama nyota ndogo kinatembea polepole, kisha kinapotea. Mara nyingi ni satelite. Kila satelite yenye kuzunguka karibu na dunia iko na siku yake ya kuanguka na kuungua. Muitalia Luigi Broglio alikuwa kati ya wale wa kwanza kupima vizuri ile hewa yenye kuziangusha, na kazi yake kubwa aliifanyia hapa Afrika ya Mashariki.

Broglio alizaliwa tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka wa 1911 huko Mestre, karibu na muji wa Venice. Alisomea uinjinia Roma, akaingia jeshi la anga, akapanda mpaka cheo cha jenerali. Lakini zaidi alikuwa mwalimu. Mwaka wa 1952 akawa mukubwa wa shule ya uinjinia wa ndege kwenye univerisite ya Roma.

Italia haikukuwa na roketi yenye nguvu ya kufikisha satelite juu. Mwaka wa 1962 kukafanywa mapatano: Wamarekani watatoa roketi ya Scout na mafunzo, Waitalia watatengeneza satelite na kuirusha wao wenyewe. Tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka wa 1964, timu ya Broglio ikarusha San Marco 1 kutoka Wallops, Marekani.

Hapo hakutosheka. Alitaka kurushia karibu na ikweta, kwa sababu kule dunia inazunguka mbio zaidi, karibu kilometre 1.670 kwa saa, na roketi inapata musukumo wa bure. Akachagua Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Kenya. Kule wakasimamisha vyombo vikubwa vya chuma ndani ya bahari. Tarehe 26 mwezi wa 4 mwaka wa 1967, San Marco 2 ikapanda kutoka kwenye maji yale. Ilikuwa satelite ya kwanza duniani kurushwa kutoka baharini.

Ndani yake kulikuwa kipimo chenye Broglio mwenyewe alibuni. Satelite ilikuwa kama mupira ndani ya mupira mwingine, imeunganishwa na mikono yenye kujikunja kidogo. Mutu wa pikipiki anajua: akienda mbio, upepo unamusukuma kifuani. Vile vile, hewa ilisukuma mupira wa inje, wa ndani ukabaki nyuma ya ule musukumo, na kipimo kikasoma tofauti. Hivi ikaonekana kwamba kwenye kilometre 200 na zaidi hewa haijaisha. Inabadilika muchana na usiku, kufuatana na joto la jua.

Ile hewa iliendelea kupunguza mwendo wa San Marco 2 mpaka ikaungua mwezi wa 10 mwaka ule ule. Uhuru, satelite ya Wamarekani yenye ilirushwa Ngomeni tarehe 12 mwezi wa 12 mwaka wa 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikapata jina lake pale. Nayo iliungua mwaka wa 1979.

Wakati ule kuungua kulionekana kuwa ni usafi: kitu kimeisha, hakuna takataka. Kumbe moshi unabaki. Satelite zinatengenezwa sana na aluminiamu, na ikiungua inakuwa vumbi ndogo sana. Uchunguzi wa mwaka wa 2024 ulihesabu kwamba satelite ya kilo 250 inaweza kuacha karibu kilo 30 za vumbi hilo. Mwaka wa 2023, wachunguzi wenye kupima hewa ya juu kwa ndege walikuta karibu asilimia 10 ya chembe kubwa za asidi kule ziko na chuma cha satelite na roketi.

Vumbi hilo linashuka polepole, miaka mingi, mpaka kwenye ozoni, lile tabaka lenye kuzuia miale mibaya ya jua. Wachunguzi wanaogopa litasaidia klorini kuharibu ozoni. Kwa wakaaji wa milima ya Masisi na Walikale, karibu na ikweta, jua liko kali tayari kwa macho, kwa ngozi, na zaidi kwa ndugu wenye ualbino.

Broglio alirusha satelite chache, moja moja, miaka ikipita kati yake. Leo kampuni moja tu, Starlink, yenye Congo iliruhusu mwaka wa 2025, iko na maelfu, na kila moja imepangwa kuungua kisha karibu miaka 5.

Broglio alifariki Roma tarehe 14 mwezi wa 1 mwaka wa 2001. Kituo cha Ngomeni sasa kinaitwa kwa jina lake. Alichopima kilikuwa namna hewa inafanya satelite. Wachunguzi wa leo wanapima namna satelite inafanya hewa.