Josiah Willard Gibbs

Josiah Willard Gibbs (New Haven, Connecticut, Marekani, 11 Februari 1839 – New Haven, 28 Aprili 1903) alikuwa mwanafizikia na mwanahisabati aliyeweka misingi ya kueleza jinsi maada inavyobadilika kati ya hali mango, kioevu na gesi. Misingi hiyo hutumika leo kukokotoa ukuaji wa nyaya nyembamba mno za nusukipitishi kutoka vitone vya metali iliyoyeyuka.

== Maisha ==

Baba yake, mwenye jina hilohilo, alifundisha lugha za Biblia katika Chuo cha Yale. Mwaka ambao mwanawe alizaliwa, alijifunza kuhesabu kwa Kimende kutoka kwa Waafrika wa meli Amistad waliofungwa New Haven. Kisha alizunguka bandarini New York akihesabu kwa sauti mpaka akampata baharia aliyeijua lugha hiyo, na mateka hao wakapata mkalimani wa kesi yao.

Gibbs alipata shahada ya uzamivu ya uhandisi mwaka 1863 kwa utafiti kuhusu meno ya gia. Miaka 1866-1869 alisoma Paris, Berlin na Heidelberg. Mwaka 1871 Yale ilimteua kuwa profesa wa fizikia ya kihisabati bila mshahara. Aliishi kwa urithi hadi 1880, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilipomwita kwa dola 3,000 kwa mwaka. Yale ikaahidi 2,000, naye akabaki. Hakuoa, aliishi na dada yake na shemeji yake.

== Kazi ==

Kati ya 1875 na 1878 alichapisha makala ya kurasa 300 hivi kuhusu msawazo wa maada. Ilitoka katika jarida dogo la Connecticut, tena imejaa milinganyo, hivyo wachache waliisoma. Mmoja wao alikuwa Mskoti James Clerk Maxwell, ambaye hata alitengeneza umbo la plasta kutokana na kazi yake ya awali na kumtumia nakala. Tafsiri ya Kijerumani ilitoka 1892, na Nishani ya Copley ikamfikia 1901.

Katika makala hiyo Gibbs alionyesha kwamba uso wa tone una nishati yake. Kadiri kitu kilivyo kidogo, ndivyo uso unavyotawala; chembe mpya huelekea kuyeyuka tena mpaka ivuke ukubwa fulani.

Mwaka 1964 R. S. Wagner na W. C. Ellis, wa maabara za Bell nchini Marekani, walikuza nyuzi za silikoni kwa vitone vya dhahabu, madini yaliyochimbwa pia Sekenke, mkoani Singida, tangu enzi za Wajerumani. Dhahabu huyeyuka kwa sentigredi 1,064 na silikoni 1,414, lakini zikichanganyika huyeyuka karibu 363. Tone hunyonya silikoni kutoka gesi hadi lishibe kupita kiasi. Silikoni huganda chini yake, na waya hurefuka tone likibaki kileleni.

Hapo uso huleta kikwazo. Silikoni ya waya mwembamba ina nishati kubwa zaidi, hivyo msukumo wa kuganda hupungua: waya hukua polepole, na chini ya kipenyo fulani haukui kabisa. Vielelezo vya kompyuta vya ukuaji huo huanza na hesabu za Gibbs za nishati ya uso. Yeye mwenyewe alizikwa katika makaburi ya Grove Street, New Haven, miaka 61 kabla ya jaribio la Wagner na Ellis.